Kabla ya kununua betri ya pili, gusa ukuta

Bei ya betri za lithiamu imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu mwaka 2010, na mshuko huo umegeuza mazungumzo yote kuhusu umeme wa jua majumbani. Zamani mtu alijiuliza kama ataimudu hata betri moja. Leo anajiuliza afunge ngapi. Serikali nazo zimeingia: Australia, tangu Julai 1, 2025, inampunguzia mwenye nyumba gharama ya betri, na punguzo hilo linahesabiwa hadi uniti 50 za kwanza za uwezo wake. (Ninaposema uniti, namaanisha kilowati-saa moja.) Habari hizi zinapokelewa kwa tafsiri moja karibu kila mahali, kwamba tatizo la usiku limepata dawa na dawa ni kuongeza betri. Tafsiri hiyo naiona ina kasoro kubwa. Katika nyumba inayopozwa au kupashwa joto kwa umeme, sehemu kubwa ya kile kinachotoka kwenye betri usiku huishia kuwa ubaridi au joto tu, na vitu hivyo viwili nyumba yenyewe inaweza kuviweka tangu mchana, ndani ya zege, tofali na maji, wakati paneli zina ziada. Anayepima ukubwa wa betri bila kulijua hilo ananunua mzigo ambao sakafu yake ingeubeba.

Tuanze na hesabu ya usiku mmoja. Chukua nyumba ya mfano yenye vyumba viwili vya kulala, kila kimoja na kiyoyozi kidogo cha inveta. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kiyoyozi cha namna hiyo kwenye chumba kilichozibwa vizuri huvuta wastani wa wati 400 hivi: huanza kwa nguvu, kisha hutulia. Kwa muda huo wote ni uniti 4 kwa chumba, uniti 8 kwa vyumba viwili. Friji itakula nusu uniti. Taa kumi za LED za wati 8, zikiwaka saa nne, ni theluthi ya uniti. Televisheni, ruta na simu zinazochajiwa ni nusu uniti nyingine. Jumla ni uniti 9 na kidogo, na 8 kati ya hizo zimekwenda kwenye kupoza. Hamisha nyumba hiyo kwenye nchi ya baridi, weka pampu joto (mashine inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, kama kiyoyozi kilichogeuzwa) mahali pa kiyoyozi, na sura ya hesabu itabaki ileile. Vitu tunavyoviita matumizi ya usiku, taa, friji na televisheni, ni makombo. Mlaji mkubwa ni joto, ama la kutoa ama la kuingiza.

Sasa tuone joto linakaa wapi. Watu wengi huamini kwamba kupoza chumba ni kupoza hewa yake, na hapo ndipo wanapopotea. Chumba cha meta 4 kwa 4 chenye kimo cha meta 2.8 kina hewa yenye uzito wa kilo 54 tu. Kuishusha hewa hiyo nyuzi 3 ni kuondoa chini ya sehemu moja ya ishirini ya uniti moja ya joto. Ni kazi ya dakika chache. Sakafu ya zege ya chumba hichohicho, yenye unene wa sentimeta 10, ina uzito wa kilo 3,700 hivi. Kuishusha nyuzi 3 ni kuondoa karibu uniti 2.8 za joto, mara 60 ya ile hewa. Ongeza kuta mbili za ndani za tofali zito zilizopigwa plasta, ukihesabu nusu ya unene ulio upande wa chumba, na unapata kiasi kinachokaribia cha sakafu. Kwa hiyo chumba kimoja cha kawaida cha zege na tofali kinaweza kubeba uniti 5 hivi za ubaridi kwa tofauti ya nyuzi 3 tu, bila mtu kununua kitu chochote kipya.

Hizo ni uniti za joto, na lazima zigeuzwe kuwa za umeme kabla hatujashangilia. Kiyoyozi kizuri huondoa karibu uniti 3 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, hivyo uniti 5 za ubaridi ni sawa na uniti 1.7 za umeme. Sehemu yake itavuja kabla ya usiku. Tuseme theluthi imepotea: kinachobaki ni uniti 1 na ushei kwa chumba, kutoka kwenye mahitaji ya uniti 4. Ni zaidi ya robo. Siahidi kwamba kuta zitafukuza betri nyumbani, na anayeahidi hivyo anawadanganya watu. Lakini robo ya mzigo mkubwa kuliko yote ya usiku, katika vyumba vyote viwili, ni zaidi ya uniti 2 ambazo betri haitaombwa kuzitoa. Na kwa kuwa umeme unaopita kwenye betri hupotea sehemu njiani, wakati wa kuchaji, wa kutoa na wa kupita kwenye inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri kuwa wa kutumika nyumbani, na kwa kuwa betri haifai kukaushwa hadi tone la mwisho, uniti 2 za kutumia zinadai betri ya uniti 2 na nusu au zaidi.

Kuna jambo lingine linalonivutia zaidi ya hesabu yenyewe, nalo ni mwendo. Zege halichajiki haraka. Joto hupita kutoka juu ya ukuta kwenda ndani polepole, na kwa mzunguko wa mchana na usiku ni sentimeta 10 hadi 15 za mwanzo tu zinazoshiriki; zilizo ndani zaidi ni kama hazipo. Kuushusha ukuta nyuzi 3 kwa hewa ya kiyoyozi, hata feni ikisaidia kuisukuma ipite juu ya sakafu na kuta, huchukua saa sita hivi. Kwa mtu anayerudi nyumbani jioni na kutaka ubaridi papo hapo, huo ni udhaifu. Kwa mwenye paneli, ni muda uleule ambao jua linampa umeme: saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Na ni katika saa hizo ndipo mifumo mingi hupoteza umeme kimyakimya. Betri ikijaa saa 6 mchana katika nyumba isiyouza umeme kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa umma, kidhibiti chaji, kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri, hukata, na paneli zinakaa juani bila kazi mchana mzima uliobaki. Kwenye gridi nako malipo ya ziada ya mchana yanazidi kufinywa. California ilipunguza sana kile inacholipia umeme unaorudishwa kwa waliojiunga baada ya Aprili 2023, na Ujerumani, tangu Februari 2025, haiwalipi wenye mifumo mipya katika saa ambazo bei sokoni imeshuka chini ya sifuri. Umeme wa saa 8 mchana umekuwa bidhaa isiyo na mnunuzi, na kiyoyozi cha chumba kisicho na mtu kinaweza kuwa mnunuzi huyo.

Mwili wa binadamu nao una neno lake hapa. Hatuhisi hewa peke yake. Tunabadilishana joto moja kwa moja na kila kilichotuzunguka, dari, kuta, sakafu, na mchango wa vitu hivyo katika kuhisi joto au baridi ni karibu nusu. Ndiyo maana chumba chenye hewa ya nyuzi 27 na kuta za nyuzi 24 huhisika kama nyuzi 25 na nusu. Kinyume chake nimekishuhudia kwa kiganja changu. Nimelala kwenye chumba ambacho kiyoyozi kilionyesha nyuzi 23, kimya, kinafanya kazi yake, lakini sikupata usingizi. Nilipougusa ukuta wa upande wa magharibi saa 4 usiku, ulikuwa na vuguvugu kama birika lililosahaulika. Jua lililoupiga tangu alasiri lilikuwa limesafiri ndani ya tofali na ndio kwanza lilikuwa linafika kitandani. Betri ilikuwa inatoa umeme kupambana na jua la saa 10 jioni, katikati ya giza.

Wazo la kuhifadhi joto ndani ya kitu kizito limeshapimwa na vizazi kadhaa. Mwaka 1967, huko Odeillo, Ufaransa, mhandisi Félix Trombe na msanifu Jacques Michel walijenga nyumba zenye ukuta mzito nyuma ya kioo, ukuta uliokula jua mchana na kulirudisha ndani usiku. Uingereza walikwenda kwa njia ya umeme: mahita yaliyojaa matofali mazito, yanayochajiwa usiku wakati umeme ni rahisi na kutoa joto mchana, na mpango wa bei uitwao Economy 7 ulianza mwaka 1978 kwa ajili ya matumizi ya namna hiyo. Tofali zile zilifanya kazi. Malalamiko yaliyozifuata, kwamba joto linaisha jioni, pale hasa watu wanaporudi nyumbani, yalitokana na saa. Chaji ya usiku ilikuwa mbali mno na jioni. Jua limeigeuza ratiba hiyo juu chini, na sasa muda wa kuchaji uko jirani kabisa na muda wa kutumia. Kwa hiyo teknolojia iliyoonekana kuchoka imepata ratiba inayoifaa kuliko ile iliyoizaa, na inaniuma kuona inazungumzwa kidogo sana.

Kabla sijafika kwenye hoja za wanaopinga, niseme la maji kwa ufupi, kwa sababu halina ubishi. Tanki la lita 200 likipashwa nyuzi 40 linashika uniti 9.3 za joto, kiasi cha betri nzima ya nyumba. Lenye koti zuri hupoteza uniti 1 au 2 tu kwa siku nzima. Hita ya wati 3,000 inayowashwa saa 1 usiku juu ya betri ni matumizi mabaya kuliko yote niyajuayo, na tiba yake ni swichi ya saa. Australia, ambako kwa miaka mingi maji yalipashwa usiku wa manane kwa bei nafuu, wameanza kuihamishia kazi hiyo saa za mchana. Mwenye hita ya umeme aanze hapo, halafu ndipo aje kwenye kuta.

Sasa pingamizi. Lililo zito kuliko yote linahusu hali ya hewa, na nalikubali kwa sehemu. Pale ambapo usiku unapoa sana, nyumba nzito inajisaidia yenyewe: unafungua madirisha usiku, ukuta unamwaga joto lake, asubuhi unafunga. Pale ambapo usiku ni wa joto na unyevu, ukuta hauna pa kulimwaga, na nyumba nzito inaweza kuwa tanuri linalopoa polepole. Wasanifu wengi wa maeneo hayo hupendekeza nyumba nyepesi zenye upepo, na kwa nyumba isiyo na kiyoyozi wana haki. Isitoshe, sehemu ya kazi ya kiyoyozi ambayo watu huisahau ni kukausha hewa, na ukuta hauhifadhi ukavu. Ukiupoza ukuta hadi chini ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, kisha ukafungua madirisha jioni, utatoa jasho, na jasho la ukutani huzaa ukungu. Yote hayo ni kweli. Lakini nyumba ninayoizungumzia imeshaamua kufunga kiyoyozi na imeshajengwa kwa zege. Uzito wake upo, utake usitake, na usiku utakuwa ama umebeba joto la mchana ama umebeba ubaridi ulioutia. Katika unyevu mkali, mwenye nyumba ashushe ukuta nyuzi 2 tu, afunge madirisha mapema, aache feni na kiyoyozi kwa mwendo mdogo vimalizie kazi ya kukausha. Faida inapungua, haifutiki.

Pingamizi la pili ni la upotevu. Nyumba iliyopozwa zaidi mchana huvuta joto zaidi kutoka nje, na kiyoyozi kinachofanya kazi jua kali hutumia umeme mwingi kuliko kile cha usiku wenye ubaridi. Hoja hii ina mashiko, na kwenye nyumba inayonunua kila uniti kwa bei moja mchana na usiku ningeikubali nikanyamaza. Tuipime lakini. Nyumba inayopitisha wati 150 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, ikiwekwa nyuzi 2 chini ya kawaida kwa saa tano, itaingiza uniti 1 na nusu ya joto la ziada, yaani nusu uniti ya umeme. Ikiwa nusu uniti hiyo ilikuwa itupwe pale kidhibiti kilipokata, hasara iko wapi? Kwenye nchi za baridi hesabu inapendeza zaidi, kwa sababu pampu joto hufanya kazi kwa wepesi mchana, hewa ya nje ikiwa na vuguvugu, kuliko usiku wa manane.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana: “Nilijaribu. Nilipoza nyumba mchana, nikazima, baada ya nusu saa joto likarudi. Zege halihifadhi chochote.” Anayesema hivyo amepoza hewa. Amewasha kiyoyozi saa moja, kipimajoto cha ukutani kikasoma nyuzi 23, akadhani amechaji. Zile kilo 54 za hewa zilipoa, kilo elfu kadhaa za sakafu na kuta hazikuguswa, na alipozima, kuta zikairudishia hewa joto lake. Kwa maneno mengine, jaribio lake limethibitisha nguvu ya uzito wa nyumba: ni huo uzito ulioshinda ndani ya nusu saa. Alichokosa ni muda, na mara nyingi amekosa mguso pia. Zulia zito juu ya vigae, mbao za jipsamu zilizopigwa mbele ya tofali, dari ya kuning’inia chini ya slabu, kabati zilizopangwa ukuta mzima, vyote hivyo vinaikata hewa na zege. Nyumba inaweza kuwa na tani 30 za zege na ikajiendesha kama kibanda cha mbao.

Na kuna nyumba ambazo kweli ni nyepesi. Ubao wa jipsamu wa milimeta 12 una kilo 10 tu kwa kila meta ya mraba, wakati sentimeta 10 za zege zina kilo 230. Kwa wenye nyumba za mbao na mabati makala hii ina kidogo cha kuwapa: kivuli, tabaka la kuzuia joto, tanki la maji. Wao wana haki ya kwenda moja kwa moja kwenye betri.

Yote haya yanabadilisha namna kazi ya fundi sola inavyopaswa kuanza. Fomu ya kawaida ya kupima mahitaji huorodhesha vifaa, wati na saa, huzidisha, hujumlisha, halafu jumla inageuka betri. Safu moja inakosekana: je, kifaa hiki kinatengeneza joto au ubaridi, na je, kinaweza kufanya kazi hiyo mchana? Fundi akiijaza safu hiyo, mazungumzo na mteja yanageuka. Kivuli cha ukuta wa magharibi kinakuwa sehemu ya mfumo wa sola, kwa sababu ukuta wa zege wa sentimeta 20 unaopigwa na jua la saa 10 jioni hufikisha joto lake ndani baada ya saa tano hadi sita, na uniti za kuliondoa zitatoka kwenye betri. Tabaka la kuzuia joto linawekwa nje ya ukuta, ili uzito ubaki ndani upande wa watu. Vyumba vya kulala, ambavyo mchana huwa vitupu, vinachajiwa bila mtu kutetemeka sebuleni. Hata sera za ruzuku zinahitaji macho hayo. Punguzo linalohesabu ukubwa wa betri peke yake linamwambia mwananchi kwamba uniti inayokaa kwenye lithiamu ina thamani, na inayokaa sakafuni haina. Wanaoumia ni wale wenye uwezo mdogo, wanaokopa kwa ajili ya betri ya pili wakati swichi ya saa na pazia la nje vingewavusha.

Betri ina kazi yake, na ninaiheshimu. Taa, friji, mashine ya kupumulia ya mgonjwa, kompyuta, hivyo haviwezi kuwekwa ukutani. Ninachoomba ni kwamba ipimwe baada ya nyumba kupimwa, na kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Chagua siku ya jua kali. Weka kiyoyozi cha chumba cha kulala nyuzi 23 tangu saa 4 asubuhi, mlango na madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa, feni inazunguka. Saa 10 jioni zima kila kitu. Tundika kipimajoto mbali na dirisha, uandike kinachosoma kila baada ya saa moja hadi usiku wa manane. Siku ya pili rudia bila kupoza mchana. Hizo karatasi mbili, zikiwekwa sambamba, mpe fundi kabla hajakuandikia betri.